Simu ya Mke wa Eda

Mwenye simu mkononi aiweke chini kidogo, aifunike kwa kitambaa, halafu anisikilize. Haya yalitokea Gahanga, tena si zamani, kwenye zile nyumba mpya zinazoota kila wiki njia ya kwenda Bugesera, na waliokuwepo bado wapo, wanakwenda sokoni na kurudi.

Yalimkuta Swafiya, fundi cherehani. Kwao ni Biryogo. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa Kigali, akasahau kurudi. Katika ukoo wao mpaka leo mke akiitwa na mumewe hasemi "nini?" wala hasemi "sema". Anasema "labeka". Swafiya alilifyonza neno hilo na maziwa ya mama yake, na ndilo lililomtia matatani.

Mumewe aliitwa Habimana. Alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege kule Kanombe, mtu mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi. Kuandika ujumbe kulimshinda, maana vidole vyake akigusa herufi moja zinatoka tatu. Kwa hiyo alirekodi sauti. Akifika kazini, sauti. Akila mchana, sauti. Akiona abiria kaficha jogoo kwenye begi, sauti ndefu yenye kicheko mpaka anakohoa. Zote zilianza kwa "Asalaam alaykum, Swafiya", na nyuma yake ukasikia injini zinanguruma na wenzake wanapigiana makelele. Swafiya hakuifuta hata moja. Simu ilijaa sauti za mumewe mpaka picha zikakosa pa kukaa.

Asubuhi moja simu hiyo ikaleta maneno: mfumo wake ni wa zamani, unatakiwa kusasishwa, achague kufanya sasa, au usiku, au baadaye. Swafiya alikuwa mwoga wa vitufe asivyovielewa. Akamuuliza mumewe. Jibu likaja kabla hajamaliza kupiga pasi gauni la mteja:

"Asalaam alaykum, Swafiya. Bonyeza Baadaye, usiguse kingine. Hiyo apdeti ina namna zake, nyingine inakula kila kitu. Nikirudi jioni nitakufanyia mimi mwenyewe."

Hakurudi. Moyo wake ulisimama akiwa amebeba sanduku la mtu, akaanguka katikati ya mizigo, na wenzake wakacheka kwanza, kwa sababu alizoea kuwachezea mchezo huo. Kesho yake alizikwa makaburini Nyamirambo.

Swafiya akaingia eda. Akavaa nguo zisizo na mapambo, akakaa ndani, akashona alichoweza kushona. Mama mkwe, Bi Gahongayire, akahamia kwake kumsaidia kazi za nyumbani na kumtazamia mtoto, kabinti kao ka pekee kaitwako Iradukunda, ambako wote walikaita Ira. Na kila jioni, adhana ya magharibi ikishaisha, ule ujumbe ulirudi kwenye simu: sasa, usiku, baadaye. Kila jioni Swafiya alibonyeza Baadaye. Mama mkwe alimwambia kwamba simu ikicheleweshwa hivyo itamfia mkononi. Utamjibu nini mtu, wakati mumeo mwenyewe kakwambia umsubiri? Akilini alijua kuwa maiti hatoki Nyamirambo kuja kusasisha simu. Kidole chake ndicho kilichokuwa hakijui.

Basi jioni moja umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu imekufa chaji, imelala juu ya meza ya cherehani, nyeusi tii. Swafiya anakunja kitambaa dirishani, anatafuta mwanga uliobaki. Simu ikamwita.

"Swafiya."

Ulimi ukatangulia akili. "Labeka," akasema.

Kisha akakumbuka, na kitambaa kikamponyoka. Biryogo watoto wote hufundishwa kwamba ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, unyamaze kimya, kwa sababu anayeitika amemfungulia mlango. Swafiya aliyajua hayo. Aliwahi hata kumfinya Ira kwa kuitika hovyo. Lakini iliyomwita ilikuwa sauti ya mumewe, jamani, ile ile yenye kuvuta jina lake mwishoni, na hajaisikia ikisema jambo jipya tangu asubuhi ile ya "Bonyeza Baadaye". Akasimama gizani, mkono kifuani, akisubiri imwite tena. Haikumwita.

Umeme uliporudi aliiwasha simu. Chini ya ile sauti ya mwisho ya Habimana palikuwa na nyingine, ya jioni hiyo hiyo. Akaisikiliza akiwa amejifunika khanga kichwa kizima, mama mkwe asije akasikia.

"Swafiya. Umeitika. Nilidhani umenisahau."

Nyinyi mnaojiona mashujaa mtasema mngeitupa simu chooni. Haya, tupeni. Swafiya aliikumbatia. Alilia mpaka khanga ikalowa, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha, na kesho yake kwa mara ya kwanza tangu msiba alimaliza sahani ya ugali, akaomba nyingine. Mama mkwe akamshukuru Mungu. Hakujua anashukuru kwa jambo gani.

Ikawa kila magharibi. Anaitwa, anaitika, na sauti inakuja. Ilimsimulia mambo ya siku zao za kwanza, chumba chao cha kupanga, mvua iliyovuja juu ya godoro, jina la utani alilompa siku ya harusi na ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulisikia. Na sauti ikishatoka, chumba kilijaa harufu ya mafuta ya ndege, ile aliyorudi nayo Habimana kwenye nguo za kazi. Swafiya alikuwa akiifua harufu hiyo kwa sabuni na kulalamika. Sasa alifunga madirisha isitoke.

Alianza kucheka peke yake. Bi Gahongayire akasikia kicheko hicho nyuma ya mlango, akaingia bila hodi, akamuuliza anaongea na nani. Swafiya hakuficha. Akamsikilizisha. Alitarajia bibi atalia, atapiga magoti, kwa kuwa aliyeongea alikuwa mwanawe wa kuzaa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akapepesa macho, akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mwanangu nilimtazama anavyofunikwa udongo," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu simjui."

Tangu siku hiyo walikuwa hawaongei vizuri. Swafiya alimwona mama mkwe ana moyo wa jiwe. Bibi naye akaanza kulala na Ira chumbani kwake, mlango ameuegemeza kinu.

Halafu mambo ya dunia yakaingilia. Ile programu ambayo wateja hupitishia malipo ikakataa kufunguka. Ikasema mfumo wa simu umepitwa na wakati, usasishwe kwanza. Wateja wa Nyarutarama, mtaa wa wenye nazo, waliokuwa wakituma dereva kuchukua nguo hawataki kusikia habari za pesa mkononi. Bi Gahongayire akamwita Achille, fundi simu mwenye kibanda pale barabarani, kijana aliyelelewa Bujumbura, mpole, mwenye kucha safi kuliko za bibi harusi. Akaja mchana, akakaa varanda, akaishika simu, akaigeuza.

"Mama, iko namna mbili," alisema. "Ya kwanza ya hewani. Unaunga intaneti, unaacha simu kwenye chaji, inajisasisha yenyewe, vitu vyote vinabaki. Hiyo ni sawa na kupaka nyumba rangi na vyombo viko ndani. Ya pili ni kwa kompyuta. Ile inabomoa mpaka msingi, inajenga upya. Hakuna kinachobaki."

Akasema kwa simu hii, ilivyojaa, ya hewani inaweza kukwama katikati, lakini inajaribika, aondoe vitu kidogo tu. Swafiya akamuuliza vitu gani. Achille akatazama, akasema: hizi sauti, mama, ziko nyingi sana.

Swafiya akamnyang'anya simu. Alikuwa na adabu zake lakini siku hiyo alizisahau, akamwambia aondoke. Achille akainuka, akafika getini, akageuka. Akauliza nani anayewasha gari hapa ndani, mbona kunanuka mafuta. Hakuna gari katika nyumba ile.

Jioni yake sauti ilikuja kali.

"Ulitaka kunifanyia nini? Usibonyeze lolote, Swafiya. Wakinisasisha nitakufa mara ya pili, na safari hii utakuwa umeniua wewe."

Swafiya aliomba radhi. Aliiomba radhi simu, akiwa amepiga magoti sakafuni, kama mke aliyemkosea mumewe mbele ya watu. Na katika kuomba huko ndipo wazo baya lilipomjia, kwa sababu Habimana katika ndoa yao yote hakuwahi kumtisha. Aliwahi kununa, aliwahi kulala bila kula, lakini kumtisha hapana. Akalifukuza wazo hilo. Mwenye kiu haulizi maji yametoka kisima gani.

Baada ya hapo Ira akaanza kubadilika. Alikuwa mtoto wa kelele, wa kuruka kamba na kugombana na kuku wa jirani, na sasa akawa anakaa chini ya meza ya cherehani kila jioni ikikaribia, amekumbatia magoti, anaitazama simu kwa chini. Mara mbili tatu mama yake alimsikia akisema "karame", neno ambalo watoto wetu wa Kigali humwitikia mkubwa anapowaita. Akamuuliza nani kamwita. Ira akasema hakuna. Swafiya, na aliungama hili baadaye kwa kinywa chake, aliona wivu. Aliogopa kuwa mume wake ameanza kuzungumza na mtoto zaidi kuliko yeye.

Ikafika jioni ya mvua. Mvua ya Gahanga haina utani, inachimba njia. Bi Gahongayire alikuwa akiswali chumbani. Swafiya aliketi mbele ya simu akisubiri kuitwa, na adhana ikaisha, na simu ikanyamaza, na ule ujumbe wa kusasisha haukuja, na harufu ya mafuta ya ndege ikaja peke yake, nzito kuliko siku zote, na ndani yake mkiwa na nyingine, ya nywele zilizoungua, akainama chini ya meza kumwangalia mtoto na mtoto hakuwepo, kandambili zake tu zilikuwepo, zimepangwa vizuri, na mlango wa nje ulikuwa wazi mvua inaingia ndani mpaka kwenye vitambaa vya watu, na huko nje, mbali, upande wa ile nyumba ya jirani isiyokwisha kujengwa ambako wamechimba shimo la choo refu kuliko mtu na kuliacha bila kifuniko, akasikia sauti ya Habimana inaita kwa upole, "Ira, Ira wangu, hatua moja tu," na simu wakati huo ilikuwa mkononi mwake, imezimwa, baridi.

Alikimbia bila ushungi. Alimkuta mtoto amesimama ukingoni, nguo imemganda mwilini, vidole vya miguu vimeshauvuka udongo na kuning'inia hewani juu ya maji mekundu yaliyojaa humo. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Swafiya akamvuta kwa nguo, wakaanguka wote matopeni, na ukingo aliokuwa amesimama Ira ukamegeka na kuingia shimoni. Kutoka ndani ya maji, sauti ya mumewe ikacheka. Kilikuwa kicheko cha siku ya jogoo, chote, mpaka kikohozi.

Asubuhi yake Swafiya mwenyewe ndiye aliyemwambia mama mkwe, "Mama, mwite mtu."

Akaitwa Maalim Sudi kutoka Biryogo, mzee mkavu, mkali, mwenye kasimu kadogo ka vitufe alikofunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alipowekewa simu ya Swafiya mbele yake hakuigusa. Achille naye alirudi, na kompyuta yake begani. Bibi alimbembeleza aje, naye alikuja mchana kweupe na bado anageuka kutazama geti.

Maalim hakuuliza mengi. Aliuliza yule anayeongea, akianza, hutoa salamu? Swafiya akafungua mdomo kusema ndiyo, akaufunga. Alizirudisha jioni zote kichwani. Hata moja haikuwa na salamu. Maalim akauliza tena, nyuma ya sauti kunasikika nini. Zile za zamani, Swafiya akasema, zina ndege, zina watu.

"Na hizi mpya?"

"Hakuna kitu."

"Hata upepo?"

"Hata upepo, maalim."

Mzee akatikisa kichwa. Akaeleza, polepole, kwamba kila binadamu huzaliwa na karini wake, jini anayekaa naye maisha yote, anayejua sauti yake, siri zake, na majina anayomwita mkewe kitandani. Mtu akifa, karini hafi. Wengi huondoka. Huyu alibaki hapa Gahanga akizunguka, kama mbwa aliyefiwa na mwenye nyumba, akamkuta mwanamke ambaye kila jioni, saa ile ile, anasubiri. Akaita. Akaitikiwa.

"Kwa hiyo alimpenda?" Swafiya aliuliza. "Kama alikaa naye maisha yote, alimpenda?"

"Ana njaa," Maalim akasema. "Wewe amekumaliza. Ndiyo maana amehamia kwa mtoto."

Kisha akamgeukia Achille na kumuuliza swali la fundi kwa fundi: katika hizo namna mbili za kusasisha, ni ipi inayoacha nyumba tupu? Achille akasema ya kompyuta. Hapo Swafiya akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya wanaume. Alisema zile mpya zifutwe, haya, lakini za zamani ni za mumewe kweli, zina salamu, zina ndege, ndizo peke yake alizobakiza. Hakuna nyingine duniani. Habimana hakuacha hata picha ya maana, kila picha amefumba macho.

Achille akaona huruma. Akasema anaweza kunakili zile za zamani tu kwenye kompyuta yake kwanza, halafu ndiyo abomoe. Maalim hakusema ndiyo wala hapana. Waya ukaungwa. Achille akachukua moja, ile ya jogoo, akainakili, akaifungua kuhakikisha. Ndani ya kompyuta haukutoka uwanja wa ndege wala jogoo. Ilitoka sauti ya Habimana, tupu, ikamwita Achille kwa jina la utotoni, jina ambalo marehemu mama yake alikuwa akimwita huko Bujumbura na ambalo Kigali nzima hakuna alijuaye. Achille akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akaitika. Machozi yakamtoka. Alipopata nguvu aliifuta, akachomoa waya, akakaa mbali na kompyuta yake mwenyewe.

"Ameshaingia mpaka kwenye hizo za zamani," Maalim akasema. "Ukichukua moja, umemchukua yeye. Sasa chagua, binti yangu. Mimi siwezi kukuchagulia, na fundi hawezi kukubonyezea. Aliyeitika ndiye anayefunga."

Bi Gahongayire alikuwa amempakata Ira, na mkono wake umeziba sikio la mtoto. Swafiya akamtazama bibi huyo aliyeipoteza sauti hiyo hiyo, aliyeifahamu tangu ikiwa kilio cha mtoto mchanga, na aliyekataa kuisikiliza. Akaelewa kuwa hakuwa na moyo wa jiwe.

Waya ukaungwa tena. Achille akatayarisha, akasogeza kompyuta, akaonyesha kitufe kwa mbali. Maalim akaanza kusoma, sauti ya chini, isiyokatika. Swafiya akaweka kidole.

"Swafiya," simu ikasema.

Hakuitika. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa kuitwa na sauti hiyo na kunyamaza, na mwili mzima ulimwuma kwa kunyamaza huko.

"Swafiya, nisikilize. Chagua ile ya hewani. Vitu vyote vinabaki, tutakaa wote, mtoto sitamgusa, naapa. Nani atakuita tena kama mimi? Utazeeka bila kuitwa. Utasahau nilivyocheka. Swafiya. Swafiya wangu."

Akabonyeza.

Mstari ukaanza kutembea kwenye kioo, taratibu, na sauti ikawa inaita jina lake, ikawa inakatika, inarudi, inakatika, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa varanda mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, na Maalim anasoma, jasho linamchuruzika, na mstari umepita nusu, umeshapita pale ambapo Achille alisema huwezi kurudi nyuma, ndipo kila kitu kikatulia. Na katika utulivu huo, kutoka kwenye simu isiyokuwa na kitu tena ndani yake, zikasikika injini za ndege. Zikasikika sauti za wanaume wanaopigiana kelele juu ya masanduku. Na Habimana, akihema kidogo kama mtu aliyepanda ngazi mbio, akasema:

"Asalaam alaykum, Swafiya."

Salamu ni haki, Muislamu hanyimwi jibu lake. Swafiya akamgeukia Maalim. Maalim alikuwa ameacha kusoma. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kidole chake kilikuwa juu ya midomo yake, kikimwambia anyamaze. Akanyamaza. Aliuma mdomo wa chini mpaka damu ikatiririka kidevuni, na mstari ukafika mwisho, na simu ikazima, ikawaka, nyeupe, mpya, ikamuuliza achague lugha.

Baadaye alimuuliza Maalim yule wa mwisho alikuwa nani. Mzee angeweza kudanganya, na pengine angemsaidia. Akasema hajui. Akasema karini hawezi kutamka salamu, ndivyo alivyofundishwa, na walimu wake walikuwa watu wa kweli. Kisha akafunga kitabu chake, akakataa chai, akaenda zake.

Siku zikapita, Gahanga ikatulia. Shimo la jirani likafunikwa. Programu ya malipo ikafunguka, magauni ya watu yakaisha, Achille akawa haji tena upande ule ila akimwona Bi Gahongayire sokoni humsaidia kubeba kapu. Ira alirudi kugombana na kuku. Na Swafiya alishona, akala kwa kulazimishwa, na kila jioni alikaa mahali palepale na mikono mitupu.

Jioni moja Ira alikuja akamkalia miguuni. Akamwambia mama yake kwamba yule mtu hakuwa baba. Alisema hivyo kwa kawaida tu, kama anayesema wali umeungua. Baba hakuwahi kumwita nje kwenye mvua, alisema. Baba alikuwa akimkataza.

Swafiya akaacha sindano. "Ulijua?"

"Yego," Ira akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulikuwa unamwitikia, mwanangu? Kwa nini ulimfuata mpaka shimoni?"

Ira aliona aibu. Aliuvuta uzi uliokuwa unaning'inia kwenye nguo ya mama yake, akauzungusha kidoleni.

"Alisema nikienda naye, atakaa na wewe siku zote," alisema. "Na wewe akiongea, ulikuwa unacheka. Ulikuwa unakula."

Swafiya akamnyanyua mtoto, akambana kifuani kwa nguvu hata Ira akalalamika kuwa anaumia, na hakumwachia. Bi Gahongayire alipokuja kuwaita mezani aliwakuta hivyo gizani, hakuna aliyewasha taa. Akarudi jikoni, akapakua chakula, akakileta mwenyewe, akaketi chini kando ya mkwewe na kuanza kumlisha tonge kwa tonge kwa mkono wake.